Amepasuliwa ini, mbona mnampima moyo?

Ndugu wa wagonjwa wanatuuliza hivi mara kwa mara, na wengine wanaongeza kwamba damu "inauzwa". Kichupa kimoja kina mililita 3 hadi 4, hazijazi hata kijiko cha chai. Hakuna wa kuzinunua.

Tunachotafuta ni troponini, protini inayovujia kwenye damu misuli ya moyo inapojeruhiwa. Damu huchukuliwa kabla ya upasuaji, kisha saa 24 na saa 48 baada yake. Mwenye hatari zaidi huongezewa ya saa 72. Kipimo cha kwanza ndicho watu hukikataa, ilhali bila hicho hatuwezi kujua kama kiwango kimepanda sasa au kilikuwa juu tangu nyumbani, hasa kwa mwenye figo dhaifu.

Ini limejaa damu. Ili lisivuje sana likikatwa, daktari wa usingizi hupunguza dripu makusudi, na daktari wa upasuaji hubana mishipa inayolipelekea damu, aghalabu kwa dakika 15, akaiachia dakika 5, akabana tena. Muda huo damu inayorudi kwenye moyo hupungua. Presha ikishuka na mapigo yakienda mbio, moyo unafanya kazi kubwa kwa oksijeni kidogo.

"Lakini hakulalamika kifua." Hatalalamika! Yuko kwenye dawa kali za maumivu. Wengi wanaoumia moyo baada ya upasuaji hawasikii chochote.

Sasa dawa za presha. Anayetumia atenolol au bisoprolol aendelee nazo, hata asubuhi ya upasuaji, kwa funda moja la maji. Asiyekuwa nazo asianzishiwe siku hiyo: utafiti wa POISE wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa metoprolol, ya kundi hilo hilo, iliyoanzishwa saa chache kabla ilipunguza mshtuko wa moyo lakini ikaongeza kiharusi na vifo. Zile ambazo jina kwenye boksi linaishia na "pril" au "sartan" kwa kawaida husimamishwa saa 24 kabla. Mwenye stenti (kijibomba kinachoweka wazi mshipa wa moyo) ataje tarehe iliyowekwa, na asiache aspirini, inayozuia damu kuganda, kwa kuamua mwenyewe. Ukificha, tukigundua asubuhi hiyo, upasuaji unaahirishwa na unapangiwa tarehe upya.

Troponini ikipanda, tunapima ECG (mchoro wa umeme wa moyo), wingi wa damu, presha na oksijeni. Aspirini huweza kuongezwa, ila ini lililokatwa bado ni bichi na linaweza kuvuja, kwa hiyo madaktari wa moyo na wa upasuaji hukubaliana kwanza. Msimpe ya kununua nje ya geti.