Je, wajua kwanini tamthilia inaweza kubadilika ghafla kama sio ileile?

Ishawahi kukutokea? Unafuatilia tamthilia miaka, mdada aliyekuwa na akili zake timamu wiki hii kaanza vituko, ndoa iliyohangaikiwa mwaka mzima inavunjwa kwa epsodi mbili, yani huelewi. Mara nyingi jibu haliko kwenye stori. Mwandishi mkuu katolewa, kaletwa mwingine.

Kwenye zile tamthilia za Marekani zinazoruka mchana Jumatatu hadi Ijumaa, mwandishi mkuu ndo anaamua stori inaelekea wapi kwa miezi ijayo, chini yake kuna wanaoipanga epsodi kwa epsodi, sini kwa sini, na wengine tena ndo wanaandika maneno ya waigizaji. Kwahiyo hata timu yote ikibaki, ukimtoa wa juu mwelekeo unabadilika. Na watazamaji wakipungua yeye ndo wa kwanza kuguswa, maana kumtoa yeye ni rahisi kuliko kutoa sura ambazo watu washazipenda.

Ila mabadiliko hayaonekani siku hiyohiyo. Tamthilia moja kati ya hizo, Days of Our Lives, inarekodiwa miezi kadhaa kabla ya kurushwa, so mwandishi mpya anaweza kuwa ofisini muda mrefu na mashabiki wanamtukana kwa kazi ya aliyeondoka, na hiyo sio haki kabisa.

Mchukue mwandishi mkuu James E. Reilly. Miaka ya 90 kwenye hiyohiyo Days ndo alimfanya mhusika Dk. Marlena Evans apagawe na shetani, akaondoka, akarudishwa 2003. Kurudi tu, mji wa Salem, stori inakotokea, ukaingiwa na muuaji, watu wakawa wanauawa mmoja mmoja mpaka bibi Alice Horton, aliyekuwepo tangu tamthilia inaanza 1965, akauawa kwa donati zake mwenyewe, na muuaji akaonyeshwa ni Marlena! Baadae ikajulikana wote wazima, wamefichwa kisiwani. Mimi naona hapo kalamu ilijali mshtuko kuliko watu waliokaa na hao wahusika maisha yao yote.

Mwandishi mkuu mwingine, Douglas Marland, alikuwa kinyume chake, na kwangu ndo alikuwa sahihi. Alishika tamthilia ya As the World Turns 1985 mpaka alipofariki 1993, na mwaka huohuo ulichapishwa ushauri wake kwa waandishi: tazama tamthilia kwanza, jifunze historia yake, ongea na waigizaji, usifukuze mtu miezi sita ya mwanzo, na mhusika mpya muunganishe na wa zamani. Mwenyewe alifanya hivyo. Familia ya Snyder, watu wa shamba, hakuimwaga yote kwa mpigo. Holden aliingia kama kijana wa kutunza farasi kwa kina Walsh, akampenda Lily ambaye watazamaji washamzoea, na Iva Snyder akaja kujulikana ndo mama mzazi wa huyo Lily. Kina Snyder walikuwa bado wapo tamthilia ilipofungwa 2010.