Shinikizo la nyuma katika ekzosi na athari yake kwa kabureta ya pikipiki ya zamani

Katika karakana za pikipiki mjini Malindi, mwenye pikipiki aliyetoboa sailensa ili isikike vizuri, kisha akarudi kulalamika kwamba chombo hakivuti tena kikiwa na abiria, huambiwa kwamba injini imekosa presha ya ekzosi. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, kwa sababu ni kweli kwamba ekzosi imebadilika na ni kweli kwamba nguvu imepungua. Hata hivyo, sababu inayotajwa siyo sababu yenyewe. Tofauti hiyo si ya maneno tu, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama fundi atashika jeti ya kabureta, yaani kijitundu kinachopima petroli, au mashine ya kuchomelea.

Shinikizo la nyuma, ambalo ndilo presha inayotajwa karakanani, ni kiasi ambacho shinikizo la moshi ndani ya bomba la ekzosi huzidi shinikizo la hewa iliyo nje, ambalo hapa pwani, usawa wa bahari, ni takriban kilopaskali 101. Linatokana na kila kitu kinachouzuia moshi kutoka: wembamba wa bomba, kona zake, kuta na vijitundu vilivyo ndani ya sailensa, masizi yaliyoganda, au kutu iliyobomoka na kuziba njia. Kadiri moshi unavyotoka kwa wingi na kwa kasi ndivyo kizuizi hicho kinavyohisiwa zaidi, na kwa sababu hiyo pikipiki yenye sailensa iliyoziba huweza kuzunguka vizuri ikiwa imesimama, lakini ikakataa kupita mwendo fulani barabarani hata mkono wa mafuta ukifunguliwa wote.

Injini haihitaji shinikizo hilo. Pistoni inapopanda kuusukuma moshi nje hutumia nguvu ambayo ingekwenda kwenye gurudumu, na moshi unaobaki ndani ya silinda huchukua nafasi ya hewa mpya yenye petroli. Kinachohitajika ni kitu kingine ambacho hupotea pamoja na shinikizo la nyuma mtu anapokata ekzosi ovyo, na ndiyo maana mambo haya mawili huchanganywa. Kila valvu ya moshi inapofunguka, wimbi la shinikizo hukimbia ndani ya bomba. Likifika mahali bomba linapopanuka au linapoishia, sehemu yake hugeuka na kurudi kwenye injini likiwa wimbi la kunyonya. Injini ya mapigo manne ina muda mfupi ambapo valvu ya kuingiza imeshaanza kufunguka na ya kutoa haijafungwa kabisa. Wimbi la kunyonya likirudi katika muda huo huvuta moshi uliosalia na kuanza kuivuta hewa mpya kabla pistoni haijaanza kushuka. Likirudi wimbi la kusukuma badala yake, moshi huingia hadi upande wa kabureta.

Muda ndio kila kitu hapa. Katika moshi wa moto wimbi husafiri kwa kasi ya mita 500 hivi kwa sekunde. Bomba likiwa na urefu wa mita 1, kwenda na kurudi huchukua sehemu 4 za elfu za sekunde. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, katika muda huo krenkishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, huwa imegeuka digrii 144. Ikizunguka mara 3,000, imegeuka digrii 72 tu. Kwa hiyo bomba moja haliwezi kufaa mwendo wote, na mtengenezaji huchagua urefu na upana utakaosaidia pale anapotaka injini ivute. Anayekata bomba nusu hajaondoa kizuizi tu, bali amehamisha nguvu ya injini kutoka kwenye mwendo anaoutumia mwendesha bodaboda kila siku, yaani kuondoka na mzigo katika gia ya pili na ya tatu, hadi kwenye mwendo ambao huenda asiufikie kamwe.

Sasa tuje kwenye kabureta, ambako watu wengi hupotelea. Kabureta ni kipimo. Hewa inapopita kwenye koo lake jembamba huongeza kasi na shinikizo lake hushuka, na petroli iliyo katika bakuli hupandishwa na tofauti hiyo kupitia tundu la jeti. Petroli huungua kikamilifu kwa hewa yenye uzito wa takriban mara 14.7 ya uzito wake, ilhali nguvu kubwa hupatikana mchanganyiko ukiwa mzito kidogo, yaani wenye petroli zaidi, karibu 12.5 hadi 13 kwa 1. Hewa ikiongezeka petroli nayo huongezeka, na mtu angeweza kudhani kwamba kufungua ekzosi hakuwezi kuuharibu uwiano huo. Lakini hewa haipiti kwenye kabureta kama maji ya mfereji. Inakwenda kwa mapigo, na katika mwendo wa chini sehemu yake hurudishwa nje na moshi ule unaosukuma kupitia valvu ya kuingiza. Jeti haitambui upande ambao hewa inaelekea: hewa ikipita kuingia inapewa petroli, ikirudishwa inapewa tena, na ikiingia mara ya pili inapewa kwa mara ya tatu. Mtengenezaji alipochagua namba ya jeti kiwandani, alikwisha kuhesabu petroli hiyo ya ziada. Ekzosi ikifunguliwa, kurudi huko hupungua, silinda hujaa hewa mpya zaidi, na jeti ileile iliyokuwa inatosha sasa inatoa petroli pungufu. Mchanganyiko umekuwa mwepesi. Hiyo ndiyo ‘presha iliyokosekana’ ambayo mwendeshaji anaihisi: pikipiki inasita anapofungua mafuta ghafla, inapiga chafya kupitia kabureta, injini inapata moto kupita kawaida, na ekzosi inalipuka-lipuka anapofunga mafuta akiteremka.

Kabureta ya pikipiki za aina ya Honda CG125, iliyoanza kutoka mwaka 1976 na ambayo injini yake imenakiliwa katika pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria hapa, haina jeti moja tu, na ni muhimu kujua ipi inafanya kazi wakati gani. Mkono wa mafuta ukiwa umefungwa au umefunguliwa chini ya robo, jeti ndogo na skrubu yake ndizo zinazotawala. Kutoka robo hadi robo tatu ni sindano, inayopanda na kushuka ndani ya njia ya petroli, na zaidi ya hapo ni jeti kubwa. Skrubu hiyo inahitaji uangalifu: ikiwa iko upande wa injini, hupitisha mchanganyiko na kuifungua huongeza petroli, ikiwa iko upande wa chujio la hewa, hupitisha hewa na kuifungua hupunguza petroli. Nimeona mafundi wazuri wakiizungusha upande usiofaa kwa sababu tu walizoea aina moja ya kabureta. Sindano nayo hupandishwa kwa kushusha klipu yake mfereji mmoja, hatua isiyogharimu chochote na ambayo mara nyingi inatosha ikiwa sailensa imebadilishwa kidogo tu. Kwa jeti kubwa, namba za Keihin, kampuni ya Kijapani ya kabureta, zinakaribiana na kipenyo cha tundu katika sehemu za mia za milimita, hivyo 100 ni karibu milimita 1. Kutoka 95 hadi 100 kunaonekana kidogo, lakini eneo la tundu huongezeka kwa karibu asilimia 11.

Kabla ya kununua jeti, ekzosi yenyewe ikaguliwe, hasa huku kwetu. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa mvuke unaokaribia lita nzima ya maji, na pikipiki inayofanya safari fupi za sokoni hadi stendi haipati moto wa kutosha kuukausha wote. Maji yanabaki ndani ya sailensa, hewa ya chumvi inaila kutoka nje, na chuma kinaisha pande zote mbili. Mara nyingi kuta za ndani ndizo hutangulia kukatika. Ukiitikisa sailensa iliyopoa ukasikia vipande vikicheza, usiguse kabureta: vipande hivyo leo vinaziba na kesho vinaachia, na hakuna namba ya jeti inayoweza kufuata mabadiliko hayo. Vilevile ikaguliwe gasketi iliyo kwenye shingo, pale bomba linaposhikana na silinda. Injini ikiwa ya baridi, pakwe maji ya sabuni kwenye kiungo, iwashwe, na povu litaonyesha palipo wazi. Hapo wimbi la kunyonya huvuta hewa ya nje, petroli iliyosalia kwenye bomba inaungua kwa mlipuko, na fundi anaongeza jeti kwa kosa ambalo gasketi ya bei ndogo ingeliondoa. Chujio la hewa nalo lisafishwe. Anayekwenda Marafa mara kwa mara hulijaza vumbi, na chujio lililoziba huufanya mchanganyiko kuwa mzito, kiasi kwamba huficha upungufu ulioletwa na ekzosi iliyo wazi hadi siku linaposafishwa, ndipo mwenye pikipiki anashangaa kwamba usafi umemharibia chombo.

Jeti ikishabadilishwa, hukumu hutolewa na plagi. Barabara ya kwenda Mambrui imenyooka na haina milima, hivyo inafaa. Injini ikiwa imepata moto, fungua mafuta yote kwa masafa ya kutosha, palipo wazi na salama, kisha uzime injini hapohapo huku umeshika klachi, usimame na kuitoa plagi. Ncha nyeupe ni dalili ya petroli pungufu, masizi makavu meusi ni dalili ya petroli iliyozidi, na rangi ya kahawia hafifu ndiyo inayotakiwa. Kuiendesha polepole hadi karakana ndipo plagi itolewe hakufai, kwa kuwa utakuwa unasoma kazi ya jeti ndogo.

Injini za mapigo mawili, kama za Yamaha DT na AG100 ambazo bado zinaonekana hapa na pale, ni habari nyingine kabisa. Hazina valvu za kufunga njia ya moshi, na sehemu ya hewa mpya hutoroka ikiifuata njia hiyo. Bomba lake lenye tumbo limeundwa ili wimbi la kusukuma lirudi na kuirudisha hewa iliyotoroka kabla pistoni haijafunga tundu. Ufundi huo ulikomazwa na Walter Kaaden katika kiwanda cha pikipiki cha MZ, Ujerumani Mashariki, katika miaka ya 1950, na ulifika Japani baada ya dereva wake Ernst Degner kutoroka mwaka 1961 na kujiunga na Suzuki. Bomba hilo likikatwa, hakuna jeti itakayoirudisha nguvu. Tatizo la kawaida zaidi ni la kinyume: oili iliyoungua huganda kuwa masizi mwishoni mwa ekzosi, plagi inakuwa nyeusi, na fundi anapunguza jeti mahali palipotakiwa kusafishwa.

Jambo la mwisho ni la mwinuko. Nairobi iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Pikipiki iliyorekebishwa huko ikishushwa Malindi bila kuguswa hupata mchanganyiko mwepesi kwa karibu asilimia 8, na ikiwa ilinunuliwa ikiwa na ekzosi iliyotobolewa, imepungukiwa petroli kwa sababu mbili. Pikipiki ya namna hiyo isibebeshwe mzigo kwanza. Irudishiwe sailensa nzima, iwekwe jeti kubwa kuliko inayodhaniwa kufaa, kisha ishushwe namba moja moja hadi plagi ikubali, kwa maana petroli iliyozidi huchafua plagi tu, lakini iliyopungua hutoboa pistoni.