Dripu Alkhamisi, Mtihani Jumatatu: Maswali ya Wanafunzi Wanaotibiwa Saratani

Kitanda cha dirishani katika chumba chetu cha dripu, yaani dawa za saratani zinazoingizwa mshipani, kilikuwa kama chake, binti mmoja wa Wete aliyekuwa akisoma ualimu mwaka wa pili hapa Unguja. Nyuma ya daftari lake alichora kalenda. Siku ya dripu ameipiga duara jekundu, siku 4 zinazofuata amezitia kivuli cha penseli, siku ya 7 mpaka ya 14 amezichora mistari ya buluu, zilizobaki kaziacha nyeupe. "Sista, hizi nyeupe ni za chuo," akaniambia. "Hizi za mistari pia nakwenda, lakini sipandi daladala iliyojaa."

Mimi ni muuguzi, na daftari lile limenisaidia kuzungumza na wanafunzi kuliko mabango yote tuliyobandika ukutani. Maswali haya ni yao, ya wazazi wao na ya wenzao wa dakhalia.

Nina limfoma, saratani ya tezi za limfu. Daktari amesema dripu mara 6, kila baada ya siku 21. Niahirishe masomo?

Tuhesabu kwanza. Mizunguko 6 ya siku 21 ni wiki 18, muhula mzima na ziada, na hapo ni kama hakuna dripu itakayosogezwa. Nazo husogezwa. Kabla ya kila dripu unapimwa damu, na seli nyeupe zikiwa chini mno unaweza kuambiwa rudi wiki ijayo. Kwa hiyo ukiona mtihani umeangukia siku nyeupe ya kalenda, usishangilie mapema.

Mzunguko wenyewe una tabia yake. Siku za mwanzo ni za kichefuchefu na uchovu. Wengi wenye limfoma hupewa pia vidonge vya predinisoloni vya siku 5, na hivyo humfanya mtu awe macho usiku, ana njaa, anataka kupanga kabati saa 8 za usiku. Vimeze asubuhi pamoja na chakula. Vikimalizika, nguvu huporomoka ghafla, na wanafunzi hudhani ugonjwa umezidi. Halafu zinakuja zile siku za mistari: unajisikia vizuri, unacheka na wenzio, lakini kinga ya mwili ndiyo iko chini kabisa. Siku hizo ndizo zinazowaponza watu.

Sasa kuhusu kuahirisha. Mimi naegemea kupunguza masomo kuliko kuacha yote, kama chuo kinaruhusu na daktari hana pingamizi. Mwenye masomo mawili ana sababu ya kuamka. Lakini kama dawa zako ni kali, au unakaa Pemba na kila dripu ni safari ya bahari, ahirisha bila kuona haya. Ila ahirisha kwa karatasi. Usipotee tu darasani. Andika barua, ambatanisha ya daktari, ubaki na nakala yenye muhuri. Kama unasomeshwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, nao wapelekee taarifa mapema.

Lazima mwalimu wangu ajue kuwa ni kensa?

La. Barua ya daktari inaweza kusema kuwa uko kwenye matibabu ya muda mrefu, utakosa vipindi tarehe kadhaa, na huenda ukahitaji mtihani maalumu. Inatosha. Lakini mtu mmoja pale chuoni ajue ukweli wote, awe mwalimu mlezi au rafiki unayelala naye chumba kimoja. Sababu yake ni swali linalofuata.

Usiku nimepata joto kidogo. Nimeze panadoli nilale, asubuhi nende hospitali?

Usifanye hivyo. Naomba hili ulisome mara mbili.

Dawa za dripu huua seli zinazozaliana haraka. Saratani ni miongoni mwao, lakini hata uboho unaotengeneza seli nyeupe za damu hupata kipigo. Seli hizo zikiwa chache, kijidudu ambacho mwenzako angekimaliza kwa kupiga chafya mbili kinaweza kuingia kwenye damu yako na kukuangusha ndani ya saa chache. Mara nyingi dalili ya kwanza ni joto tu. Hakuna usaha wala uvimbe, kwa sababu seli za kuvitengeneza hazipo.

Panadoli inashusha joto na kuficha ishara, wadudu wanaendelea na kazi yao. Basi nunua kipimajoto, kikae chini ya mto. Kikisoma 38 au zaidi, au ukitetemeka kwa baridi hata kama namba haijafika hapo, unakwenda hospitali usiku huo huo. Ukifika mapokezi, sentensi ya kwanza iwe: "Niko kwenye dripu za saratani, ya mwisho nilipata tarehe fulani." Jina litafuata. Wakitaka kupima malaria, wapime, lakini kipimo kikitoka safi usikubali kurudishwa nyumbani bila kupimwa wingi wa seli nyeupe.

Kijana mmoja alisubiri adhana ya alfajiri kwa sababu hakutaka kumwamsha mwenzake. Aliletwa kwetu saa 3 asubuhi, shinikizo la damu limeshuka, midomo imekauka, akaniomba radhi kwa usumbufu. Alikaa wadini siku 9. Mwenzake alilia kuliko mama yake: "Si angeniamsha tu!" Kwa hiyo kubalianeni mapema. Ukiwa unaishi upande wa Tunguu, usiku wa manane hakuna daladala ya kwenda mjini. Namba ya mtu mwenye gari iandikwe mlangoni, na nauli ikae bahasha maalumu isiyoguswa kwa vocha.

Nile nini? Urojo nimekatazwa kweli?

Urojo wenyewe hauna kosa. Kosa ni chatne ya nazi mbichi iliyokaa juani tangu mchana, yai lililomenywa kwa mkono uliopokea pesa, na bakuli lililochovywa tu kwenye ndoo. Juu yake kuna ndimu na pilipili, na kinywa chako huenda kina vidonda. Ukipikiwa nyumbani, wa moto na bila ukali, kunywa kwa raha zako.

Kanuni ni kwamba chakula kiwe kimepikwa kikaiva na kiliwe kingali moto. Kachumbari, yai lenye kiini kibichi na juisi ya miwa ya barabarani viache mpaka utakapomaliza dawa. Matunda ya kumenya mwenyewe ni salama zaidi: ndizi, chungwa, embe lililooshwa vizuri. Maji yachemshwe. Dafu ni zuri likipasuliwa mbele yako kwa panga safi na likanywewa hapo hapo.

Harufu ya kukaanga ikikuchefua, kula vitu vilivyopoa kidogo ndani ya muda mfupi baada ya kupikwa. Nimeona mseto wa chooko ukishuka koo lililokataa biriani. Boflo kavu na chai ya tangawizi asubuhi kabla ya kuinuka kitandani husaidia baadhi. Dawa ya kutapika imezwe kwa saa uliyoandikiwa, usingoje mpaka uanze kutapika. Nyingine hufunga choo, hasa ondansetroni, kwa hiyo zidisha maji na papai, na ukipita siku 3 bila choo tuambie. Usijitie dawa ya haja kubwa kwa nyuma.

Vidonda vya kinywa: mswaki laini, na usukutue mara kadhaa kwa siku kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo.

Tunatumia choo kimoja watu 8. Wenzangu wako salama?

Saratani haiambukizi, wala kwa sahani wala kwa kitanda. Swali la choo hata hivyo lina maana, kwa sababu dawa hutoka mwilini kwa mkojo, kinyesi na matapishi, hasa katika siku 2 za mwanzo. Katika siku hizo mwaga maji mara mbili, ndoo nzima kila mara, fuata na kunawa kwa sabuni. Nguo zilizotapikiwa zifuliwe mbali na za wengine, na anayezifua avae glavu. Mkojo ukiwa mwekundu siku ya kwanza baada ya ile dripu nyekundu, usipige kelele ukaamsha dakhalia nzima. Ni rangi ya dawa. Ukiendelea baada ya siku 2, njoo tukuone.

Walio kwenye ndoa watumie kondomu siku hizo, na njia madhubuti ya uzazi wa mpango kipindi chote cha matibabu. Suala la kupata watoto baadaye muulize daktari kabla ya dripu ya kwanza, maana mengi yanayoweza kufanywa kulinda uzazi hufanywa kabla ya dawa kuanza. Najua ukiwa na miaka 20, mama amekaa pembeni yako, ulimi unakuwa mzito. Omba kuonana na daktari peke yako.

Nywele?

Kwa dawa nyingi, si zote, huanza kutoka wiki ya 2 au ya 3. Wengi hunyoa mapema ili wasizikute juu ya mto. Wasichana wa huku wana ushungi, na nimesikia wakitaniana kuwa wamepunguziwa gharama za saluni. Lakini ngozi ya kichwa huwa laini na inauma, hivyo ndani ya buibui vaa kitambaa cha pamba. Nyusi ndizo huwatoa machozi, wala hakuna anayewatahadharisha. Haya, mimi nimekutahadharisha. Zitaota tena.

Nasoma ukurasa mmoja mara tatu, hauingii. Nimekuwa mjinga?

Hujawa mjinga. Uzito huu wa kichwa unajulikana kwa wanaotibiwa kwa dripu. Hutokana na dawa, usingizi mbovu, upungufu wa damu na mawazo, kila kimoja kwa kiasi chake. Soma dakika 25, pumzika. Kazi ngumu iweke saa unayojijua uko macho. Rekodi mihadhara kwa ruhusa ya mwalimu. Tembea kidogo jioni kukipoa hata kama hujisikii, maana uchovu wa dripu hauondoki kwa kulala tu.

Ramadhani imekaribia. Nifunge?

Kitabu chenyewe kimempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, katika Suratul Baqara. Kwa upande wangu nasema hivi: baadhi ya dawa, kama sisplatini na saiklofosfamidi, hutaka maji mengi ili figo na kibofu visidhurike. Muulize daktari kuhusu dawa zako kwa jina, kisha umpelekee sheikh wako jibu hilo. Usimwambie "naumwa" tu.

Tatizo ambalo halizungumzwi ni la dakhalia: mchana wa Ramadhani vibanda vyote vimefungwa, na wewe huwezi kukaa mpaka magharibi bila kula. Mwombe mwenzako anayepika daku akuwekee wali na mchuzi, lakini uwe kwenye jokofu au kwenye hotipoti inayoshika moto kweli, si sufuriani mpaka adhuhuri. Chupa ya chai ijae uji. Kula chumbani mlango ukiwa umefungwa si kujificha dhambi.

Mimi ni mama yake. Nimpe habasoda na kombe, na shangazi yake anataka apigwe chuku. Kuna ubaya?

Shikamoo mama. Kombe, yaani aya zinazoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji ya kunywa, sikukatazi. Sahani iwe safi, iandikwe kwa zafarani, na maji ya kuoshea yawe yamechemshwa. Habasoda ya kunyunyiza kwenye mkate haina neno. Unga na mafuta ya kunywa vijiko kwa vijiko, au mizizi ya kuchemsha, tuoneshe kwanza, maana ini lake linashughulika na dawa nzito na baadhi ya vitu hugongana nazo.

Chuku, la. Wala hijama. Ni kuchanja ngozi ya mtu ambaye damu yake huenda haigandi vizuri na kinga yake iko chini. Mwambie shangazi aje amkande miguu, na aje na hadithi zake.

Natakiwa kwenda Dar es Salaam kwa mionzi. Nitarudi vipi kwenye masomo?

Mionzi pale Taasisi ya Saratani ya Ocean Road kwa kawaida hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kadhaa mfululizo, na kila siku ni dakika chache tu juu ya meza. Huwezi kwenda na kurudi kwa boti kila siku. Tafuta pa kukaa Dar na uwaombe walimu kazi za kuandika badala ya mahudhurio. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, kwa hiyo mpakate mtoto wa dada yako bila wasiwasi.

Safari ya boti huchukua kama saa 2. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na tumbo lako limeshachafuka tayari. Kaa chini, katikati au nyuma, ambapo mtikisiko ni mdogo, na umeze dawa ya kutapika kabla ya kupanda. Faili, vipimo na dawa vikae kwenye mkoba wa mkononi. Begi la nguo likichelewa unaazima kanga, faili huazimi.

Sisi ni wenzake wa chumbani. Tumfanyie nini?

Msimwulize "unahitaji nini?" kwa sababu atasema hahitaji kitu. Mchoteeni maji, maana ndoo ya lita 20 inamshinda siku za penseli. Mmoja amwandikie noti, mmoja aende naye kwenye dripu na chaja ya simu. Msimzungumzie jirani aliyekufa kwa kensa. Na mwenye mafua siku za mistari ya buluu, noti azipitishe chini ya mlango, kisha ampigie simu wazisome pamoja.