Waja leo, waondoka leo: tunayoyakosea kuhusu muundo wa lugha

Mtu wa Tanga akitaka kumchokoza mgeni wa kutoka bara, haanzi na mavazi yake. Huanza na Kiswahili chake. Keti barazani Ngamiani jioni moja tu, utaisikia hukumu: "Hana sarufi yule." Sababu za kujivuna zipo. Shaaban Robert alizaliwa Machui mwaka 1909, na gazeti la Kiongozi lilianza kuchapishwa mjini hapa mwaka 1904. Ila penye fahari ya lugha ndipo dhana potofu zinapostawi, hasa kuhusu mofolojia, yaani elimu ya vipande vinavyounda neno, na sintaksia, elimu ya namna maneno yanavyofungamana kuwa sentensi. Aliyesoma madrasani hadi Ajurumia, kitabu cha nahau ya Kiarabu, hataona ugeni hapo, kwani Waarabu wametenganisha sarfu na nahau kwa zaidi ya miaka elfu.

"Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa"

Anayesema hivi hutoa orodha: habari, wakati, sahani, dhambi. Kweli, yote yametoka Kiarabu. Lakini wanaoainisha lugha hawaishii kwenye orodha ya maneno. Huuliza neno likishaingia linatendewa nini. Katika Kiarabu "kitabu" lina mzizi wa konsonanti tatu, k-t-b, na wingi wake ni kutub. Mswahili alisikia ki- pale mwanzoni, akaliweka pamoja na kiti na kisu, likazaa vitabu. Masjid likawa msikiti, na wingi wake misikiti, kama mti na miti. Juzijuzi Kiingereza kimetuletea kipilefti cha barabarani, na dereva yeyote atakwambia mbele kuna vipilefti viwili.

Alama za ugeni hazikufutika zote. Tunasema watoto watano, watoto wanane, kisha watoto sita, saba, tisa bila kiambishi chochote, kwa kuwa namba hizo tatu ni za Kiarabu. Kitenzi "penda" kikikanushwa kinakuwa sipendi, lakini "samehe" hubaki sisamehe, kwa sababu hakikuja na ile -a ya mwisho. Hata hivyo kitenzi hichohicho hunyambulika Kibantu bila kusita: samehewa, sameheana.

Mfano mkali zaidi uko mkoani humuhumu, juu milimani Usambara. Kima'a, ambacho wengine hukiita Kimbugu cha ndani, sehemu kubwa ya msamiati wake ina asili ya Kikushi, yaani ina undugu na lugha kama Kiiraqw. Ngeli zake na viambishi vya vitenzi ni vya Kibantu, vinavyokaribiana sana na vya Kipare. Wasemaji haohao wana pia Kimbugu cha kawaida, ambacho maneno yake nayo ni ya Kibantu, na sarufi ya aina hizo mbili ni moja. Mwanaisimu Maarten Mous alikiandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2003, na Kima'a hutajwa kila wanaisimu wanapojadili lugha zilizochanganyika. Kwa hiyo mwenye kupima asili ya lugha kwa kuhesabu maneno ya kigeni, apande Lushoto kwanza.

"Kisambaa, Kibondei na Kizigua ni vilugha, havina sarufi"

Kukosa kitabu cha sarufi dukani si kukosa sarufi. Kisambaa na Kizigua zina ngeli na minyambuliko kama Kiswahili, na juu ya hayo zina toni, yaani sauti kupanda na kushuka kwa namna inayotofautisha maana, jambo ambalo Kiswahili kimelipoteza. Yaani mwanafunzi wa sarufi ana kazi zaidi huko kuliko huku. Kizigua kinasemwa mpaka kusini mwa Somalia na wazao wa watu waliopelekwa huko utumwani karne ya 19. Wamekirithishana kwa vizazi, ngeli na toni zake, bila mwalimu wala ubao.

"Anaendaga, sipendagi: hao wanaongea ovyo"

Hapa ndipo baraza linapocheka kwa sauti, na hapa ndipo mimi natofautiana nalo kabisa. Kiambishi hicho cha -ga kina ukoo mrefu. Kisukuma, Kinyamwezi na hata Kikuyu vina -ag- ya kuonyesha jambo la mazoea au linaloendelea, na wataalamu wa Kibantu hukihesabu miongoni mwa viambishi vya zamani sana vya jamii hii ya lugha. Kiswahili sanifu hakina hicho, kina hu-: huenda, hupenda. Msemaji wa bara amerudisha kilichokuwa kimeachwa.

Sasa tazama anakirudisha vipi. Anasema anapendaga, lakini akikanusha hasemi "sipendiga". Anasema sipendagi. Ile -i ya ukanushi imeruka ikaenda kukaa mwisho kabisa, maana yake -ag- imepachikwa kati ya mzizi na irabu tamati: pend-ag-a, pend-ag-i. Hakuna aliyemfundisha hilo, na mtoto wa miaka mitano wa Shinyanga halikosei. Anayeongea ovyo hawezi kuwa na kanuni safi namna hiyo.

Unaweza kusema -ga haifai kwenye barua ya kuomba kazi, nami nitakubali. Hiyo ni hoja ya usanifu na adabu ya mahali. Usanifu nao una historia yake: mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, lahaja ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi. Kimtang'ata cha hapa Tanga, upande wa Tongoni, kiliachwa nje ya mlango sawasawa na usemi wa bara. Mcheka -ga akumbuke hilo.

"Kanuni za Kiswahili zina vighairi visivyo na sababu"

Chukua msemo wa mji wenyewe: waja leo, waondoka leo. Kwa nini waja, ilhali tunasema unakuja? Shuleni tuliambiwa vitenzi vya silabi moja "huchukua ku-", basi, kariri. Ukitega sikio utaona sababu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Katika unakuja, mkazo uko kwenye ku. Ukiiondoa, mkazo utaangukia -na-, na viambishi -na-, -me-, -li- na -ta- havibebi mkazo. Ku- inabaki ili ubebwe. Viambishi -a-, -ki- na -ja- huweza kuubeba, ndiyo maana waja, ukija, hujaja. Na kiambishi cha yambwa, yaani cha kitu kinachotendewa, nacho huubeba: tunasema amekula, lakini chakula amekila. Ku- imeondoka kwa kuwa ki- imeshika nafasi yake. Kanuni moja inaeleza yote hayo, na ni ya sauti na muundo kwa pamoja.

Waja lina jambo jingine pia. Linaweza kuwa u-a-ja, yaani wewe, au wa-a-ja, yaani wao. Vipande tofauti vimeyeyukia umbo moja, na ni muktadha tu unaokwambia nani kaja.

"Kiima ni mtenda, na lazima kitangulie"

Siku ya mechi katika uwanja wetu wa mpira tunasema, "Mkwakwani kumejaa watu." Kitenzi kimepatana na nini? Si watu, la sivyo kingekuwa wamejaa. Ku- ni ya mahali, na uwanja ndio ulioshika kiti cha kiima. Baada ya mechi ya Coastal Union, timu ya hapa, utasikia "Coastal imefungwa" na "Coastal wamefungwa" kutoka mdomo mmoja, mara kwa umbo la jina, mara kwa maana yake ya kundi la watu. Huo si uzembe. Sema "rafiki yangu mkubwa amefika" utaona mambo mawili hayo yakikaa katika sentensi moja: yangu imefuata ngeli ya neno, mkubwa na amefika zimefuata utu wa anayetajwa. Ugomvi wa mitandaoni juu ya "rafiki wangu" unatokana na mvutano huu.

Mengine yanasikika pia lakini hayahitaji maneno mengi. Mwanaisimu si lazima ajue lugha kumi. Anaweza kuichunguza moja maisha yake yote. Kichina kina sarufi, ingawa maneno yake hayabadiliki kama yetu. Kazi hiyo hufanywa na mpangilio wa maneno na vijineno vidogo.

Na neno silo tu kile chenye nafasi pande zote mbili. Vijana wanaoandika "ata kuja" na "nime fika" kwenye simu hawajavunja muundo, wamekosea tahajia, kwani mdomoni hawawezi kuchomeka neno kamili kati ya vipande hivyo wala kujibu swali kwa "ata" peke yake. Tahajia ni makubaliano. Kizulu na Kisotho ni ndugu wa Kibantu, na kushukuru kwao kumejengwa kwa vipande vinavyolingana kimoja kwa kimoja: Mzulu huandika ngiyabonga, neno moja, na Msotho huandika ke a leboha, maneno matatu.