Msimbo kuwa mtandaoni si kuhifadhiwa

Dhana: "Kazi yangu iko GitHub, basi imehifadhiwa."
GitHub ni karakana ya mtandaoni ya kuandikia na kushirikishana msimbo, yaani maandishi yanayounda programu za kompyuta, tena ina mwenyewe: Microsoft, iliyoinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Google Code, jukwaa jingine la aina hiyo, nayo ilidhaniwa haitikisiki, ikafungwa Januari 2016. Akaunti ikifutwa, kiungo ulichoweka kwenye makala yako hakimfikishi msomaji popote.

Kumbukumbu hasa ni Software Heritage, iliyozinduliwa mwaka 2016 na Inria, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa kompyuta, ikashirikiana na UNESCO. Hukusanya msimbo kutoka majukwaa mbalimbali pamoja na historia yake, na mtu yeyote anaweza kuomba hazina fulani (mkusanyo wa mafaili ya mradi mmoja) iliyo wazi kwa umma ichukuliwe kwa kubandika tu anwani yake. Ninachokipenda zaidi ni kitambulisho chake, SWHID: hukokotolewa kutokana na maudhui yenyewe, kiasi kwamba herufi moja ikibadilika, nacho hubadilika. Msomaji hujihakikishia mwenyewe kwamba msimbo alioupata ndio uliotajwa.

Dhana: "Academia.edu ni ya vyuo."
Ni kampuni binafsi yenye tovuti ya kushirikishana makala za kitaaluma. Jina hilo lilisajiliwa kabla masharti ya .edu, mwisho wa anwani za vyuo, hayajakazwa. ResearchGate, tovuti nyingine ya aina hiyo, pia ni kampuni, na SSRN, hifadhi ya rasimu za makala iliyopendwa sana na wachumi na wanasheria, ilinunuliwa na Elsevier, kampuni ya uchapishaji, mwaka 2016. Zenodo, hifadhi ya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, iliyopo tangu 2013, haitozi, hutoa DOI (kitambulisho cha kudumu cha kunukulia kazi), na programu inayoiendesha ni huria. Kwa makala, data na matoleo ya programu, mimi ningeanzia hapo.

Dhana: "Kilicho wazi ni ruhusa kukitumia."
La. Bila leseni, haki zote ni za mwandishi.

Dhana: "Mbadala wa GitHub ni wa wanaharakati tu."
Codeberg, ya chama kisichotafuta faida kilichosajiliwa Berlin, hufanya kazi za kila siku za Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, bila shida. Ila imekusudiwa miradi huria. Msimbo wa siri wa kampuni utafute kwingine.

Dhana: "Isiyotafuta faida haina lawama."
Software Heritage ilishirikiana na mradi wa BigCode kuandaa data ya kufundishia StarCoder2, modeli ya akili bandia ya kuandika msimbo iliyotoka mwaka 2024. Waandishi waliotaka msimbo wao uondolewe kwenye data hiyo walitakiwa waombe wenyewe. Kwangu, ridhaa ilipaswa kutangulia.