Ziwa Ngosi: mnayoambizana Raskazone na ukweli wenyewe

Vijana wa Tanga waliozoea kupiga picha jua likichomoza pale Raskazone siku hizi wanaitamani Ngosi, lile ziwa la kreta, yani lililo ndani ya shimo la volkano, kwenye milima ya Poroto kule Mbeya. Sio jambo baya, ila safari yenyewe sio ya kitoto, unatoka hapa Segera, Chalinze, Morogoro, Iringa ndo uje ufike Mbeya, kwaiyo mtu akirudi na picha mbovu inauma kweli. Na nyingi zinaharibika kwa sababu ya maneno ya vijiweni tu.

Eti bila kamera ya mamilioni usijisumbue. Uongo. Simu nzuri na tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, isiyotikisika zinatosha, tusonge mbele.

Eti twende Januari maana hakuna mvua. Hakuna mvua TANGA. Sisi tuna vuli na masika, katikati hapo kaskazi inavuma na jua linawaka, lakini Mbeya wana msimu mmoja mrefu wa mvua, unaanza kama Novemba mpaka huko Aprili au Mei, kwaiyo Januari yako ya kiangazi kwao ndo matope yenyewe, na ile njia ya kushuka mpaka majini ni mwinuko mkali wa mizizi na udongo unaoteleza hata siku kavu. Nenda Juni mpaka Oktoba, na mwenyeji awe mbele yako.

Hili la saa ndo linawaangusha wengi. Mtu anasema nitakuwa juu saa kumi na mbili na nusu nidake jua, kama anavyofanya huku. Mbeya ipo magharibi yetu kwa karibu digrii 6, na kila digrii ni dakika 4, kwaiyo jua la kule linachelewa dakika ishirini na kitu, na mwezi wa sita linachomoza inakaribia saa moja asubuhi. Alafu kumbuka Ngosi ni shimo, kuta zimelizunguka ziwa lote, jua likishatoka juu kwenye ukingo maji bado yapo kivulini muda mrefu tu. Hapo kamera inachanganyikiwa, ama anga linatoka jeupe pee ama maji yanatoka meusi kama lami. Dawa yake ni kupiga picha tatu za mwanga tofauti bila kugusa tripodi ukaziunganishe baadae, au uvumilie mwanga wa jua ushuke ukutani taratibu mpaka majini.

Na ule mwanga laini wa dhahabu jua likishachomoza tu, msidanganywe na video za Wazungu wanaosema una saa nzima. Kwao jua linapanda kwa kulala, huku kwetu linapanda karibu wima, kama digrii 15 kwa saa, nusu saa nyingi limeshakuwa kali. Kama muda huo bado unahangaika kukaza miguu ya tripodi basi ndo imetoka hiyo.

Lingine, watu wanataka wakiwa juu ukingoni wapate ukuta umejichora majini kama kioo. Haiji hiyo. Ukiyatazama maji kutoka juu sana yanarudisha mwanga kidogo mno, unachoona ni rangi ya maji yenyewe, kioo kinataka ushuke uiweke kamera chini karibu na maji, na upepo uwe umetulia. Hapohapo ndo penye majibu ya wale wanaosema ziwa linabadilika rangi kwa uchawi. Wazee wa kule wana simulizi zao na mimi sizigusi, ila wingu likipita, jua likisogea au wewe ukihama hatua chache, rangi inahama pia. Filta ya polaraiza, kile kioo cha kuzungusha unachofunga mbele ya lenzi, inasaidia kuondoa mng'ao, zungusha huku unaangalia, inafanya kazi vizuri zaidi ukiyatazama maji kwa pembe ya kama digrii 37 kutoka usawa wake. Kwa lenzi pana sana iangalie mara mbili, inaweza kukuachia anga lenye doa jeusi upande mmoja.

Baridi nayo, eti nimeshalala Lushoto naijua. Lushoto mjini ni kama mita 1,400, kilele cha Ngosi kinapita 2,600. Beba koti, na betri ya akiba iweke mfuko wa ndani karibu na mwili maana baridi inaimaliza haraka. Ukungu ukijaa shimoni usikimbilie kushuka, subiri, ukipasuka kidogo unapata picha ambayo siku ya anga safi haikupi.

Ukirudi kwenye gari lenye joto usiifungue kamera. Iache kwenye begi kwanza ipate joto taratibu, la sivyo lenzi inafanya ukungu vilevile kama unavyotoka kwenye chumba cha AC hapa Tanga mchana.

Na droni, hata kama eneo linaonekana halina mtu, bila kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iache nyumbani.