Je, wajua? Fahali wa Sybaris alizamaje mgongoni mwa sarafu?

Sybaris ulikuwa mji wa walowezi wa Kigiriki kusini mwa Italia. Kwenye sarafu yake ya fedha amesimama fahali aliyegeuza shingo kutazama nyuma. Igeuze sarafu: fahali yuleyule, mkao uleule, ila sasa amezama ndani ya madini na anaelekea upande wa pili. Katika karne ya 6 KK majirani nao walifanya hivyo: Metapontum kwa suke la shayiri, Poseidonia kwa mungu Poseidon, Kroton kwa kigoda cha miguu mitatu.

Nilipoziona picha zake mara ya kwanza, nilijiambia ni kazi ya bati: ukigonga huku, umbo linatokea kule, kama kibao cha namba za gari. Nikajiona mjanja.

Ushahidi wa kunisuta ulikuwa kwenye picha zilezile. Kwenye sarafu za Metapontum, ukingo wa mbele umesukwa kama kamba, wa nyuma una mistari mifupi kama miale. Herufi za jina la mji ziko mbele, nyuma mara nyingi hazipo. Kama mgongo ungekuwa alama ya pigo tu, vyote vingejirudia. Kisha kuna sarafu za Kroton zenye kigoda mbele na tai aliyezama nyuma. Hakuna nyundo inayogeuza kigoda kuwa tai. (Hata kibao cha namba, kumbe, hukandamizwa kati ya kalibu mbili, yaani vipande viwili vya kutolea umbo.)

Chukua donge la unga uliokandwa, liweke kwenye kiganja ulichokikunja kama kikombe, kisha likandamize kwa ngumi. Nje linapata umbo la kiganja, ndani umbo la ngumi. Kalibu ya chini, juu ya fuawe, ilichongwa shimo la fahali: ndiyo kiganja. Ya juu ilichongwa fahali aliyetuna: ndiyo ngumi. Kipande cha fedha kiliwekwa katikati, nyundo ikashuka. Kwa sarafu za kawaida kalibu ya juu ikizunguka kidogo si neno. Hapa fundi alipaswa kulenganisha pembe kwa pembe, kwato kwa kwato, kila pigo.

Kwa nini wajitese hivyo? Wapo wanaomtaja mwanafalsafa Mgiriki Pythagoras na falsafa yake ya vitu vinavyopingana. Dhana tamu, lakini yeye alifika Kroton karibu mwaka 530 KK, na wataalamu wengi wanaona sarafu hizi zilikwishaanza. Wengine hudhani zilipangika vizuri zikibebanishwa. Huenda.

Mwaka 510 KK Kroton iliangamiza Sybaris. Ipo sarafu yenye kigoda cha Kroton kilichotuna mbele, na nyuma fahali wa Sybaris, amezama. Wanaoichunguza bado wanabishana: ni ya miji miwili iliyoungana, au ya mshindi na mateka wake?